Wakfu wa Kutibu Mifupa

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda boti kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, basi umepita Malindi. Karibu na lango la bandari, kando ya barabara ya Mizingani, lipo jengo kubwa linaloitazama bahari. Lina roshani za mbao zilizonakshiwa, na wapitao njia husimama kulitazama. Jengo hilo huitwa Zahanati ya Zamani.

Huenda siku hiyo ukaona na jambo jingine. Gari la wagonjwa linafika bandarini. Ndani yake amelala kijana aliyeanguka mnazini. Paja limevunjika vibaya na mguu umefungwa mbao. Daktari ameandika barua apelekwe Muhimbili. Ndugu zake wamechanga nauli, na mmoja wao ameuza mbuzi. Wanambeba kwa machela mpaka kwenye boti. Wanapita karibu na jengo lile, wala hawajui kwamba liliwekewa jiwe la msingi ili liwe hospitali ya watu kama yeye.

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya fedha. Usishangae. Mfupa uliovunjika huungwa na mwili wenyewe, lakini kuupanga sawasawa ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Kumfundisha mtu huyo ni kazi ya miaka mingi, na miaka hiyo lazima ilipiwe na mtu. Ni nani anayelipa? Na akifa mlipaji, kazi inaendeleaje?

HABARI ZA JENGO LA MALINDI

Aliyeanzisha jengo hilo ni mfanyabiashara Tharia Topan. Alizaliwa Kutch, nchini India, akaja Unguja akiwa bado kijana mdogo. Alitajirika sana kwa biashara, na aliwahi kukusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani. Tippu Tip, ambaye misafara yake ilifika mpaka Kongo, alikopeshwa fedha na tajiri huyu. Yaani baadhi ya mali yake ilitokana na biashara ya pembe na misafara ile, iliyowatesa watu wengi. Tuliseme hilo wazi, kisha tuendelee.

Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya kutawala. Mwaka huo Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jengo la Malindi. Alikusudia liwe hospitali. Lakini baadaye alikwenda Bombay, na mwaka 1891 akafariki dunia. Jengo lilikamilika mwaka 1894, yeye akiwa hayupo. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Lakini gharama za kuliendesha zilikuwa kubwa, na mjane wake hakuziweza. Mwaka 1900 likauzwa.

Walionunua ni wasimamizi wa mali iliyoachwa na Haji Nasser Nurmohamed. Wao walifanya jambo la kiasi. Chini waliweka zahanati ya hisani na daktari wake. Ghorofa za juu wakazigawa kuwa nyumba za kukaa watu. Kwa hiyo jengo lililokusudiwa kuwa hospitali kubwa likawa zahanati ndogo, lakini zahanati hiyo ilifanya kazi miaka mingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo lilikuwa mikononi mwa serikali, likachakaa sana. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati. Sasa linapendeza tena, ila si mahali pa kutibiwa.

Mimi naona tofauti ya watu hawa wawili ni funzo kubwa. Wa kwanza alitoa nyumba. Wa pili aliacha mali yenye wasimamizi. Nyumba peke yake hailipi mshahara wa daktari mwisho wa mwezi, wala hainunui bandeji.

MNAZI NA NAZI ZAKE

Wewe unayekaa shamba unaijua wakfu vizuri kuliko watu wengi wa mjini. Mzee anasema: "Minazi hii nimeiweka wakfu kwa msikiti." Tangu siku hiyo minazi haiuzwi, hairithiwi, haikatwi. Nazi zake ndizo zinazotumika. Zinauzwa, na fedha zinanunua mafuta ya taa, mikeka, au zinatengeneza kisima. Mzee anakufa, nazi zinaendelea kuanguka.

Vyuo vikuu vingi vya udaktari duniani huendeshwa kwa sehemu kwa njia hiyo hiyo. Mtu hutoa mali kubwa. Mali yenyewe haitumiwi, bali hutiwa katika nyumba za kupangisha, mashamba au biashara. Faida yake ndiyo inayomlipa mwalimu wa madaktari. Kazi ya mwalimu huyo huitwa "kiti", na mara nyingi kiti huitwa kwa jina la aliyetoa mali. Mwalimu akistaafu, anakuja mwingine katika kiti kile kile.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijiji kina minazi 50 ya wakfu, na kila mnazi unatoa nazi 40 kwa mwaka. Hizo ni nazi 2,000. Je, fedha zote zitumike kwa wagonjwa? Hapana. Shamba linataka palizi, na minazi mizee inataka kufuatiwa na miche. Tuseme fedha za nazi 500 zinarudi shambani, na za nazi 1,500 zinakwenda kwa wagonjwa. Mkila zote 2,000, baada ya miaka mingi mtabaki na magogo.

Hili si jambo la kubuni. Katika Mji Mkongwe zipo nyumba nyingi za wakfu. Kwa miaka mingi kodi zake zilikuwa ndogo mno, hazikutosha hata kutengeneza mapaa. Mvua ikaingia ndani na kuta zikaanza kuanguka. Aliyeweka wakfu alikuwa na nia njema, na aliyepanga aliona nafuu, lakini nyumba yenyewe ilikuwa inaliwa polepole.

Kutumia wakfu kwa tiba si jambo geni wala si jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alijenga hospitali kubwa mjini Kairo. Aliiwekea wakfu wa mali nyingi ili ijiendeshe. Tajiri na maskini walitibiwa pale, na wanafunzi wa udaktari walisomeshwa pale pale. Hospitali za Kiislamu za zama zile zilikuwa na waunga mifupa wake. Hospitali ya Qalawun iliendelea kutibu watu kwa karne nyingi baada ya yeye kufa.

KWA NINI MIFUPA INATAKA FEDHA ZA MUDA MREFU

Turudi kwa yule kijana aliyeanguka. Tumfuate tangu chini ya mnazi, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Watu wamemkimbilia. Mmoja anataka kumwinua akae. Mwacheni! Muulizeni kwanza kama shingo au mgongo unauma, na kama anaweza kutikisa vidole vya miguu. Kama mgongo unauma, au miguu imekufa ganzi, asikunjwe wala asibebwe mgongoni. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa, wamlaze juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa. Uti wa mgongo una mishipa ya fahamu ndani yake. Mfupa uliovunjika ukisogezwa ovyo unaweza kuikata, na mtu asitembee tena maisha yake yote.

Kama ni paja au mguu, usiuvute na usiukande. Mguu uliovunjika haukandwi kwa mafuta wala kwa maji ya moto. Tafuta mbao mbili au makuti mazito, zungushia nguo laini, kisha funga juu na chini ya pale palipovunjika. Kama kuna jeraha na mfupa unaonekana, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi. Damu ikitoka sana, bonyeza kwa kitambaa hicho. Usitie udongo, kahawa, majani wala samadi, kwa sababu huko ndiko pepopunda inakotoka. Mgonjwa asile wala asinywe mpaka aonwe na daktari, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Neno moja juu ya mafundi wa kuunga mifupa wa vijijini. Wengine wana mikono mizuri, na mivunjiko midogo hupona kwao. Hatari kubwa ni kufunga kwa nguvu. Mguu uliovunjika huvimba. Kamba ikiwa imekaza, damu haipiti. Tazama vidole: vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, fungua ile kamba mara moja na mwahishe mgonjwa hospitali. Ukingoja mpaka kesho, mguu ambao ungepona unaweza kukatwa.

Sasa kijana wetu amefika hospitali. Anahitaji nini? Anahitaji picha ya eksirei na mtu wa kuipiga. Anahitaji damu, kwa sababu paja likivunjika damu nyingi humwagika ndani kwa ndani bila kuonekana. Anahitaji mtaalamu wa dawa ya usingizi. Anahitaji chumba safi cha upasuaji, chuma cha kutia ndani ya mfupa, na daktari bingwa anayejua kukitia. Kikikosekana kimoja, mengine yanangoja.

Chuma kisipokuwepo, mguu huvutwa kwa uzito. Mgonjwa hulala kitandani wiki baada ya wiki, pengine miezi 2 au 3, mguu umening'inizwa. Wengi hupona hivyo. Lakini fikiria gharama yake nyumbani. Shamba halikulimwa. Mke au mama amekaa hospitali kumwuguza. Watoto wako kwa jirani. Na mfupa ukiunga vibaya, mguu mmoja unakuwa mfupi, na mtu aliyekuwa akipanda minazi 20 kwa siku hapandi tena hata mmoja. Akitiwa chuma vizuri, huweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache.

Bingwa wa kutia chuma hicho hapatikani kwa haraka. Nchini mwetu daktari husoma miaka 5. Kisha hufanya kazi ya mazoezi mwaka 1. Halafu husomea ubingwa wa mifupa kwa miaka isiyopungua 3. Jumla ni miaka 9 au zaidi, ukiacha miaka ya kufanya kazi katikati. Msaada wa mwaka mmoja hauwezi kumfikisha mtu huko. Zawadi ya mara moja hununua kitanda. Bingwa anataka fedha ambayo itakuwepo mwaka huu, na mwaka wa tano, na mwaka wa tisa.

FUNDI BAISKELI NA KITI CHA OXFORD

Wazee wenzangu wanazikumbuka gari za Morris zilizokuwa zikipita barabara zetu. Mwenye gari hizo alikuwa William Morris wa mji wa Oxford, Uingereza. Alianza akiwa kijana mdogo, akitengeneza baiskeli nyumbani kwao kwa mtaji wa paundi 4. Baadaye alijenga kiwanda cha magari, akatajirika, akapewa cheo cha Lord Nuffield.

Katika mji wake palikuwa na daktari wa mifupa aliyeitwa Girdlestone. Hospitali yake ilikuwa na mabanda ya mbao, na wengi wa wagonjwa wake walikuwa watoto wenye kifua kikuu cha mifupa. Morris alitoa fedha za kuijenga upya. Hapo alifanya kama Tharia Topan. Lakini hakuishia kwenye majengo. Mwaka 1936 alikipa Chuo Kikuu cha Oxford paundi milioni 2 kwa ajili ya mafunzo ya udaktari. Mwaka 1937 Girdlestone akawa profesa wa mifupa katika kiti cha Nuffield. Hapo kabla, hakuna chuo kikuu katika Uingereza kilichokuwa na kiti cha namna hiyo. Inasemekana wenye chuo hawakukitaka kiti cha dawa za usingizi, wakiona si elimu ya kutosha kupewa profesa. Fundi baiskeli akashikilia. Mtu aliyewahi kupasuliwa anajua nani alikuwa na akili zaidi hapo.

Mwaka 1949 kiti cha mifupa kilishikwa na Josep Trueta, mkimbizi wa vita vya Hispania. Huyu alipata sifa kwa kutibu mivunjiko yenye majeraha: kusafisha kidonda vizuri, kuondoa nyama iliyokufa, kisha kufunga plasta ngumu. Lord Nuffield alifariki mwaka 1963. Idara ile ya mifupa ipo mpaka leo na inaitwa kwa jina lake.

Mkimbizi mwingine wa vita hivyo hivyo, Ignacio Ponseti, alifika katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Alishughulikia watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umepinda kwa ndani. Hakupenda kuwapasua sana. Aliunyoosha mguu kidogo kidogo kwa mikono na kuufunga plasta, akibadili plasta kila wiki. Plasta 5 hadi 7 hutosha kwa watoto wengi. Baadaye hukatwa kidogo mshipa wa kisigino, na mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Mwanzoni huvaa mchana na usiku, halafu usiku tu mpaka afike miaka 4 hivi. Ponseti na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 30 ili wajue kama miguu yao imedumu. Mwalimu asiye na uhakika wa kazi yake hawezi kungoja miaka 30.

Mama mwenye mtoto wa namna hiyo asiufiche mguu kwa khanga. Ampeleke hospitali katika wiki za kwanza, mifupa ikiwa bado laini.

HUKU KWETU

Katika Afrika Mashariki, idara ya mifupa iliyosifika mapema ilikuwa Makerere, Uganda. Profesa Ronald Huckstep alifika huko mwaka 1960. Wakati ule polio iliwalemaza watoto wengi, na walikuwa wakitambaa chini kwa mikono na magoti. Vyuma vya kushikia miguu vilitoka Ulaya na vilikuwa ghali. Huckstep na mafundi wa Kampala wakavitengeneza kwa chuma cha kawaida, ngozi na mbao. Chama cha hisani cha Round Table kilisaidia kuanzisha kliniki ya polio. Msaada ulikuwa mdogo ukilinganisha na mamilioni ya Oxford, lakini mafundi walifundishwa, na watoto wengi wakasimama kwa mara ya kwanza.

Kwa upande wa Tanzania, chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa na Shirika la Msamaria Mwema. Hapo KCMC, mwaka 1981, kilianza chuo cha mafundi wa viungo bandia kwa msaada wa Wajerumani. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo wengi huiita MOI. Huko ndiko anakopelekwa kijana wetu, na huko ndiko madaktari wanaosomea ubingwa hujifunzia.

Hapa Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja nayo ina historia ya hisani. Kabla ya Mapinduzi iliitwa kwa jina la Karimjee Jivanjee, familia ya wafanyabiashara waliojulikana kwa kutoa. Baadaye iliitwa V.I. Lenin. Mwaka 2014 ilifunguliwa hapo sehemu ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania. Mafunzo ya udaktari hapa kisiwani yalianza mwaka 2007 kwa msaada wa walimu kutoka Cuba, na sasa yako katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA.

Upo msaada mmoja ninaoupenda kwa jinsi ulivyopangwa. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutoa vyuma vya kutia ndani ya mifupa mirefu. Chuma chake kinaweza kutiwa hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. MOI imetumia vyuma hivyo kwa wagonjwa wengi. Sasa angalia utaratibu wake. Daktari akimtia mgonjwa chuma, hutuma taarifa na picha za eksirei. SIGN wakipokea taarifa, hutuma chuma kingine mahali pa kile kilichotumika. Kwa hiyo kabati haliishi vyuma, na mtoaji anaona kazi ya msaada wake. Ni kama duka la ushirika lenye daftari safi.

Kinyume chake pia kipo, na kila aliyefanya kazi hospitali amekiona. Mashine inaletwa kutoka nje. Inapokelewa kwa hotuba na picha. Baada ya mwaka inaharibika. Kipuri hakipatikani, kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha ambayo fundi haijui, na mtoaji ameshasahau. Mashine inafunikwa shuka. Akija mtu kutoa mashine, sisi tujifunze kumwuliza: fundi wake nani, kipuri chake wapi, na nani atalipa mwaka wa tatu?

KIJIJI KINAWEZA NINI

Kijiji hakiwezi kuweka kiti cha profesa. Lakini wagonjwa wengi wa mifupa hawaharibikiwi chuoni, huharibikiwa njiani. Hawana nauli. Hawana fedha za kurudi hospitali kubadilishwa plasta. Mtoto wa mguu kifundo anafungwa plasta mbili, ya tatu hapelekwi, na mguu unarudi kupinda. Nauli ya kijiji ingewatosha hao.

Kwa hiyo minazi 50 ya hesabu yetu si mchezo. Nazi 1,500 za mwaka zinaweza kuwapeleka watoto kadhaa kliniki mpaka wamalize plasta zao. Wenye mashamba, au wenye nyumba ya kupangisha mjini, wanaweza kuweka sehemu kwa kazi hiyo. Kama kijana wa kijiji anasomea udaktari, wakfu huo unaweza kumlipia vitabu na nauli, kwa makubaliano kwamba atakuja kutumikia visiwani.

Mambo haya yana ofisi yake. Mamlaka ya wakfu hapa Zanzibar ilianza kuwekwa kwa sheria tangu mwaka 1905. Siku hizi ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na sheria yake ni ya mwaka 2007. Nendeni mkaulize kabla ya kutamka wakfu, si baada ya mzee kufariki na warithi kuanza kugombana. Wakfu usiosajiliwa mara nyingi hugeuka shamba la mjanja mmoja.

Katika maandishi, msiandike tu "kwa ajili ya wagonjwa". Andikeni wagonjwa gani, wa wapi, kwa matumizi gani. Andikeni wasimamizi ni wangapi na wanabadilishwaje mmoja akifa au akihama. Andikeni sehemu gani ya mapato itarudi kutunza mali yenyewe. Andikeni pia fedha zitakwenda wapi ikiwa siku moja hakuna mgonjwa wa namna hiyo, maana polio imepungua sana kwa chanjo, na wakfu wa polio peke yake ungebaki bila kazi. Hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwaka, kwa sauti, nazi ngapi zimeuzwa na nani amelipiwa nauli.

Na wewe uliyejifunza kusoma juzi, usione haya siku ya kutia saini. Isome hati yote mwenyewe, polepole, neno kwa neno, mbele ya mashahidi. Neno usilolijua liulize maana yake papo hapo. Ukiona wanakuharakisha, weka kalamu chini, chukua nakala nyumbani, na urudi siku ya pili.